Injini Mpya Haitaki Utelezi: Somo Nililolilipia kwa Bumu

Najua mnachojiuliza. Huyu ni mwanafunzi wa elimu, mwaka wa tatu, tena binti. Ana habari gani na oili ya injini? Habari ninayo, kwa sababu injini moja niliiharibu mwenyewe. Niliiharibu kwa moyo safi, kwa hela yangu ya bumu, na aliyeumia ni mtu aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita.

Mjomba wangu ana gereji Morogoro. Tangu nikiwa mdogo, nyuma ya ile gereji palikuwa na Datsun 160J SSS imepandishwa juu ya mawe, haina tairi, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Wengine walikuwa wanaona skrepa. Mjomba alikuwa anaona mwaka 1973, Shekhar Mehta anashinda Safari Rally na Datsun 240Z, halafu miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, mtu yuleyule anashinda tena na Datsun Violet. Violet ndiyo gari ambalo huku kwetu tulilijua kama 160J. Alikuwa akisimulia mbio hizo kama mtu anayesimulia harusi yake.

Basi akaamua kulifufua. Injini yake ni L16, silinda nne, cc 1,595, kabureta mbili. Ilimchukua miaka miwili kukusanya vipuri. Silinda zikapanuliwa, pistoni za ovasaizi zikawekwa na ringi mpya, krenkishafti ikachongwa na kupewa metali mpya. Kamshafti akatafuta yenye vinundu virefu zaidi ili valvu zifunguke sana, akaweka roka mpya na springi ngumu zaidi za valvu. Lengo lilikuwa moja tu: aingie kwenye mbio za mkoa, hata akiwa wa mwisho.

Wiki ya kuwasha injini, bumu likaingia. Nikataka kumpa asante. Nikaenda duka la vipuri, nikauliza oili ya bei ya juu kuliko zote. Nikaletewa dumu lenye picha ya gari la mashindano mbele: sinthetiki tupu, 5W-30. Pembeni yake nikachukua na chupa ya dawa ya injini, maandishi makubwa yanaahidi kuondoa msuguano wote. Nusu ya hela yangu ya chakula ikaishia pale.

Mjomba alilishika lile dumu, akaligeuza, akanyamaza kidogo. Akasema, "Mimi nilikuwa nimepanga hii ya kawaida, lakini ya mwalimu haikataliwi." Ananiita mwalimu tangu nipate nafasi chuoni. Tukamimina vyote viwili. Injini ikawaka kwa starta ya pili, na kwa furaha tukaiacha sailensa karibu mchana kutwa, majirani wanakuja kuisikiliza.

Wiki ya tatu ikaanza kutoa moshi wa bluu. Oili ikawa inapungua kila ukichomoa dipstiki. Kompresheni ikapimwa, iko chini silinda zote nne. Mjomba akaifungua tena, akaniita nione. Kuta za silinda zilikuwa zinang'aa kama kioo, na vinundu viwili vya kamshafti vilikuwa vimelika kwenye ncha. Mbio zikapita bila sisi. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hicho ndicho kilichonifanya nikae chini kusoma.

VITU VIWILI VINAVYOTAKA MAMBO YANAYOPINGANA

Tuanze na silinda. Silinda ikishapanuliwa, fundi huipitishia mawe ya kusagia yanayozunguka huku yakipanda na kushuka. Yanaacha mikwaruzo midogo inayokatizana kama nyavu. Ukiangalia haraka utadhani kazi imefanywa ovyo, kumbe ile mikwaruzo imewekwa kwa makusudi. Kwanza inashika oili kidogo ili ringi isikauke. Pili, vilele vyake vyenye ncha vinaisaga ringi mpya, na ringi inavisaga vyenyewe, mpaka viwili hivi vifanane umbo kabisa. Hapo ndipo mafundi wanasema ringi imekaa.

Muda wa kukaa ni mfupi. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika katika saa za mwanzo za injini, na vile vilele vikishalainika hakuna nafasi ya pili bila kufungua injini upya. Tena kinachoibana ringi ukutani si mkazo wake yenyewe peke yake. Mlipuko wa mafuta unapotokea juu ya pistoni, gesi inapenya nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Mzigo ukiwa mkubwa, ringi inabanwa zaidi. Injini ikiwa sailensa, gesi haina nguvu, ringi inaelea juu ya oili, na ile oili inaungua polepole ukutani na kujaza mikwaruzo. Ule mng'ao wa kioo niliouona ulikuwa ni huo.

Kwa hiyo ringi inahitaji msuguano kidogo. Mimi nilikuwa nimeimiminia dawa ya kuondoa msuguano, kisha tukaikalisha sailensa mchana mzima.

Sasa twende juu, kwenye kamshafti. Kwenye magari mengi ya siku hizi, kati ya kamshafti na kinachosukuma valvu kuna kigurudumu kidogo kinachobingirika. Kwenye L16 hakuna. Kinundu cha kamshafti kinateleza moja kwa moja juu ya roka, chuma juu ya chuma, kwenye eneo jembamba sana, huku springi ya valvu inakandamiza. Ukiweka springi ngumu na kamshafti ya mbio, mkandamizo unaongezeka. Hapa hatutaki kusagana hata kidogo. Kinundu kipya kikipoteza ngozi yake ngumu katika dakika za mwanzo, kitaendelea kulika mpaka kiishe.

Ndiyo maana swali la oili ya injini mpya ni gumu kuliko linavyoonekana. Kwenye injini ileile, oili ileile, chini unataka iache vitu visagane, na juu unataka izuie kabisa. Ukilielewa hili, maandishi ya kwenye dumu yanaanza kusomeka.

ZINKI: KINGA YA DHARURA

Kinachookoa kamshafti ya aina hii ni kemikali yenye zinki na fosforasi, kwa kifupi ZDDP. Imetumika kwenye oili za injini tangu miaka ya 1940. Inavyofanya kazi inavutia. Mahali palipotulia haina habari na mtu. Pale chuma kinapokandamizwa na joto kupanda, inavunjika na kuacha utando mwembamba mgumu juu ya chuma. Baada ya hapo unaolika ni ule utando, chuma kinabaki salama, na utando mwingine unajengeka. Utando unajengwa palepale penye hatari, na hauigeuzi oili yote kuwa ya utelezi. Hii ndiyo sababu zinki inafaa kwenye injini mpya wakati dawa za utelezi hazifai.

Tatizo ni kwamba fosforasi ikiungua na kutoka na moshi, inaharibu kile kichujio cha kwenye eksozi ambacho mafundi wengi wanakiita masega. Kwa sababu hiyo watunga viwango wakaipunguza. Kiwango cha API SM kilichotoka mwaka 2004 kiliweka ukomo wa fosforasi wa asilimia 0.08 kwa oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30, na viwango vilivyofuata, SN wa 2010 na SP wa 2020, vikaendelea na ukomo huo. Kwa gari la kisasa lenye vigurudumu kwenye kamshafti, hakuna hasara. Kwa Datsun ya mjomba yenye kamshafti mpya ya mbio, lilikuwa jambo jingine.

Niliporudi kuliangalia lile dumu langu, nyuma yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa API SN. Mbele picha ya gari la mashindano, nyuma oili ya gari la kwenda nalo ofisini.

NAMNA YA KUSOMA DUMU

Ukifika dukani, acha picha, geuza dumu. Tafuta mambo matatu.

La kwanza ni uzito. Kwenye 15W-40, namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, na namba ya mwisho inaeleza uzito wake ikifika nyuzi joto 100. Kati ya chuma cha krenkishafti na metali zake kuna uwazi mdogo sana, takriban milimita 0.05 kwa injini ya ukubwa huu, na oili ndiyo inayoujaza. Injini ya zamani iliyojengwa upya kwa nafasi za kawaida, kwenye joto la kwetu, iko vizuri na 15W-40 au 20W-50. Hakuna baridi ya kututisha Morogoro mpaka tukimbilie 5W.

La pili ni herufi za API. Herufi ya kwanza ikiwa S, kipimo ni cha injini za petroli. Ikiwa C, ni cha dizeli. Herufi ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti, kiwango ni kipya zaidi. Dumu moja linaweza kubeba vyote viwili, kwa mfano CI-4/SL. Oili za namna hiyo, zilizotengenezwa kubeba injini za dizeli za malori, kwa kawaida zina zinki nyingi kuliko oili nyepesi za petroli za sasa. Ndiyo maana utakuta fundi wa injini za zamani anamimina oili ya lori kwenye gari dogo, na yuko sahihi. Ila usirudi nyuma mpaka SA au SB ukidhani cha kale ndiyo dhahabu; hizo hazina kinga ya kutosha kwa injini yoyote ya kufanyia kazi leo.

La tatu ni asili yake: ya kawaida ya madini, nusu sinthetiki, au sinthetiki tupu. Hapa niwe muungwana. Sinthetiki si sumu, na magari mengi mapya yanatoka kiwandani yakiwa nayo, na ringi zao zinakaa vizuri. Lakini silinda za kiwandani zinamaliziwa kwa mashine zenye usahihi mkubwa, vilele vya mikwaruzo vimeshakatwa kabla injini haijawashwa. Silinda iliyosagwa mtaani bado ina kazi kubwa ya kujisaga yenyewe. Kwa hiyo anza na oili ya kawaida ya madini, sinthetiki itakuja baadaye. Kuna oili maalumu zilizotengenezwa kwa kuzoesha injini mpya, zenye zinki nyingi na zisizo na dawa za utelezi. Ukizipata, ni chaguo zuri.

DAWA ZA CHUPA: IPI IINGIE, IPI IBAKI DUKANI

Rafu ya dawa za injini inafanana na meza ya muuza dawa za asili pale stendi: kila chupa inatibu kila kitu. Tuzigawe.

Dawa za kupunguza msuguano ziache kabisa wakati injini inazoeshwa. Sababu umeshaiona.

Dawa zenye chembe za plastiki ya PTFE, ile ya kwenye vikaango visivyogandisha, nazo ziache, sasa na hata baadaye. Mwaka 1997 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na watengenezaji wa dawa moja maarufu ya aina hii baada ya kuwashtaki kwamba matangazo yao kuhusu kulinda injini hayakuwa na ushahidi.

Dawa nzito za kuzuia moshi zinafanya oili iwe nzito tu. Zinaficha ugonjwa. Kwenye injini mpya zinakunyima taarifa unayoihitaji, kama ringi zimekaa au hazijakaa.

Chupa ya zinki peke yake ina nafasi, kama kamshafti yako ni ya kuteleza na oili uliyopata ni ya kiwango cha SM kwenda mbele. Kama oili tayari ina zinki ya kutosha, usiongeze. Zinki ikizidi sana nayo inageuka kuila ile kamshafti unayoilinda.

Cha mwisho ni pasta ya kufungia injini, ile nyeusi yenye molibdenamu. Hii ni lazima, lakini ina mahali pake: vinundu vya kamshafti na nyuso za roka. Isipakwe kwenye silinda wala ringi. Huko paka oili ileile ya injini, kidogo tu.

Wenye pikipiki mnisikilize pia. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili ya injini. Ukiweka dawa ya utelezi, klachi yenyewe itateleza. Tafuta dumu lenye alama ya JASO MA.

NUSU SAA YA KWANZA

Oili sahihi ikitumiwa vibaya haikusaidii. Hivi ndivyo mjomba alivyofanya mara ya pili, na mimi nikiwa nimeshika daftari.

Kamshafti ikabadilishwa pamoja na roka zake zote. Roka ya zamani haipelekwi kwenye kamshafti mpya. Silinda zikasagwa upya ili mikwaruzo irudi, na zikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe, kisha zikapakwa oili palepale zisishike kutu. L16 ina springi mbili kwa kila valvu, moja ndani ya nyingine. Mjomba akafunga za nje tu, za ndani akaziweka kwenye kopo. Mkandamizo ukapungua kwa ile nusu saa ya hatari.

Oili ikawa ya madini, 15W-40, CI-4/SL. Akatoa plagi zote nne, akapiga starta mpaka geji ya oili ikapanda. Injini haijawaka, lakini oili imeshafika juu. Akarudisha plagi, akahakikisha maji yamejaa kwenye radieta, petroli iko kwenye kabureta na taimingi imekaa sawa, ili iwake mara moja bila kuhangaika na starta.

Ilipowaka hakukuwa na sailensa. Alipiga resi moja kwa moja mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika, kisha akawa anaibadilisha taratibu kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika ishirini. Kwenye injini hii mwendo wa pampu ndio unaolowesha kamshafti. Sailensa inaifanya iwe na njaa. Jirani mmoja akaja kuomba isikilizwe kwa utulivu kama mara ile. Mjomba akamwambia, "Leo ina mtihani, njoo wiki ijayo."

Baada ya hapo akazima, akamwaga oili yote ikiwa ya moto, akatoa filta. Oili ya nusu saa ikaenda zake, kwa sababu ilikuwa imebeba pasta na vumbi la chuma. Akaikata filta kwa msumeno, akaikunjua karatasi yake juani. Vumbi laini la kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa vinavyovutwa na sumaku ni chuma cha kamshafti au ringi. Vipande vya rangi ya shaba havivutwi na sumaku, na hivyo ni metali za krenkishafti zinakwisha. Yetu ilikuwa na vumbi la kijivu tu. Springi za ndani zikarudi, oili mpya ya aina ileile ikaingia.

KILOMITA ZA KWANZA

Asubuhi yake saa kumi na mbili na nusu tukatoka barabara ya Dodoma, kabla malori hayajajaa. Injini ilipopata joto, mjomba akaweka gia ya tatu, akakanyaga kwa nguvu kutoka kilomita 50 kwa saa mpaka 80, kisha akaachia kabisa, gari likajirudisha lenyewe mpaka 50. Akarudia hivyo mara kumi. Ukikanyaga, gesi inabana ringi ukutani. Ukiachia, mvuto unapandisha oili kidogo juu na kusafisha vumbi. Alichokwepa ni mambo mawili: kuizungusha injini kupita kiasi, na kwenda mwendo mmoja muda mrefu. Kuendesha kwa huruma kupita kiasi, yaani kuibembeleza injini mpya kama mgonjwa, ndiyo njia ya kuirudisha kwenye kioo.

Tulipofika Dumila tukashuka kunywa chai. Mjomba akapitisha kidole ndani ya eksozi, akakitoa, akanionyesha. Kikavu, rangi ya kahawia. Hakusema kitu, akaagiza chapati nyingine.

Oili ilimwagwa tena baada ya kilomita 500, na mara ya tatu kwenye 1,500. Zote za madini. Siku hizi dipstiki ikichomolewa, alama iko palepale. Sasa mjomba anasema ukifika wakati wa sinthetiki nitanunua mimi, lakini safari hii nisome nyuma ya dumu kwanza.

Muhula uliopita nilikuwa TP, shule ya kata, hisabati kidato cha pili. Wiki ya kwanza nilikuwa nawapa wanafunzi kila hatua ya jibu, nalainisha kila swali lisiwakwaruze, na darasa lilikuwa tulivu kweli. Kwenye jaribio wakaanguka karibu wote. Jioni ile nikakumbuka zile silinda zinazong'aa. Kesho yake nikaandika swali ubaoni, nikaenda kusimama nyuma ya darasa, nikanyamaza. Dakika kumi za kwanza zilikuwa ngumu kwao na kwangu. Kisha binti mmoja akainuka, akachukua chaki.